Chuma Kilichofika Moyoni

Cheche alikuwa amevua mkanda, saa na pete ya ndoa, ametoa na funguo mfukoni, akajiona yuko tayari kabisa kuingia na mwanawe kwenye chumba cha MRI, ndipo mtaalamu wa picha alipomuuliza kazi yake. Akasema ni fundi wa kuchomelea, mwaka wa thelathini huu. Jina la Cheche hakupewa bure. Mtaalamu, mama wa makamo, akafunga faili. Ndani mna sumaku yenye nguvu za ajabu, alimweleza, na mafundi wa chuma mara nyingi hubaki na chembe machoni wasizozijua. Chembe ikivutwa, jicho limekwenda. Baba atabaki huku nje, kwenye kioo.

Binti akaingia peke yake.

Dunia ina vituko. Baba anazuiwa kwa sababu ya chuma, mtoto anaingizwa kwa sababu hiyo hiyo. Binti alizaliwa na thalasemia. Damu yake haijitoshelezi, na tangu mchanga anaongezewa ya watu wengine kila baada ya wiki tatu. Kila mfuko ulimwokoa na kumwachia chuma kidogo, na mwili wa binadamu hauna mlango wa kukitolea. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka juzi kipimo kilionyesha kimefika moyoni, na namba yake ilikuwa nane. Chuma kikizidi namba hushuka, na chini ya kumi ni hatari, waliambiwa. Ikivuka ishirini, moyo uko salama.

Tangu hapo, siku tano kwa wiki, Cheche alimchoma binti yake sindano ya tumboni, leo upande wa kulia, kesho kushoto, na pampu ndogo ikamwingizia taratibu dawa ya kukisomba kile chuma. Mikono iliyonyoosha mageti ya mtaa mzima ilijifunza kushika kisindano. Na juzi binti alimwambia, kwa upole uliomtisha kuliko ukali, "Baba, nimechoka. Picha ikisema ni nane ile ile, usinichome tena."

Ndiyo maana hakubanduka pale kiooni.

Mtaalamu alimwambia binti kwa kipaza sauti avute pumzi, aitoe, kisha aibane. Cheche naye akaibana. Kwenye kompyuta moyo ukajitokeza, ukuta wake mnene umezunguka kama pete. Siku zote alidhani anayeuona moyo wa mtu aliye hai ni Mungu peke yake. Kumbe na yeye, na viatu vyake vya gereji, ameruhusiwa kuutazama.

Picha zikajipanga nane. Ya kwanza nyeupe, ya pili imefifia, na kuendelea hivyo mpaka ya mwisho, nyeusi tii. Cheche akashika meza.

"Mama, moyo wake unazima."

Hata kucheka hakucheka yule mama. Moyo wa kila mtu huzima kwenye picha hizi, akasema, hata wake yeye. Zote nane ni za pumzi moja, na zinafuatana upesi kuliko kupepesa jicho. Chuma kikiwa kingi, unazima mapema. Akaweka picha za mwaka juzi kando ya za leo. Zile zilikuwa giza kufikia ya tatu. Za leo, ya tano bado ilikuwa na mwanga. Akachora mstari kwenye ukuta wa katikati ya moyo, na namba ikatokea: kumi na tano.

Cheche anakijua chuma. Hajawahi kukiona kikitoka kilipong'ang'ania bila moto wala msumeno. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mchovyaji alikuwa yeye, na mikono yake hii. Akalia, wala hakuona haya.

Binti alipotoka, macho mekundu ya baba yake yalimtia hofu. Cheche akajifuta uso. Alimshika bega akamsogeza kwenye kompyuta, na mtaalamu akamweleza yote. Binti akazihesabu picha kwa kidole, moja hadi tano, akarudia.

"Moyo huu ni wangu?"

"Wako, mwanangu," Cheche akajibu.

Binti akaenda kuvaa. Aliporudi alimkabidhi baba yake pete na funguo zilizokuwa zimebaki kwenye kabati la nguo, na mlangoni akauliza kama anayeulizia jambo la kila siku, "Leo zamu ya upande gani, baba? Kulia au kushoto?"