Bonyeza Mara Mbili

Mimi si mtu wa kumwamini mtu haraka, na sioni aibu kusema hivyo. Kazi yangu ni kukaa juu ya kreni, ndani ya kibanda cha vioo, nikipitisha vyuma na zege juu ya vichwa vya watu. Mwepesi wa kuamini huko juu ataua. Upande wa mbele wa jengo najionea mwenyewe. Upande wa nyuma sioni kitu, ghorofa linanizibia, kwa hiyo huko natumia macho ya mtoa ishara: anasimama chini na redio ya upepo, ananiambia kushoto, kulia, shusha, simama. Na mtoa ishara wangu ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, niliyemwombea kazi kwa mdomo wangu huu huu.

Mwanzoni tulielewana vizuri, hata maneno tukayapunguza. Nikimwambia jambo hajibu kwa sauti, anabonyeza kitufe cha redio mara mbili, tak-tak, nami najua amesikia. Saiti nzima ikaiga. Msimamizi hakupenda, alisema kanuni ni kurudia ulichoambiwa neno kwa neno, lakini nani ana muda wa kurudiarudia kama kasuku?

Halafu sauti yake ikaanza kuharibika. Ilikuja imepasuka, maneno yamegongana, kama mtu anayefoka ndani ya debe. Nikimwambia aongee taratibu, tak-tak, kisha anafoka vilevile. Nikavumilia. Siku ya nondo uvumilivu ukaisha.

Tita la nondo lilikuwa limeshavuka paa, linaelekea nyuma, upepo ukaanza kulichezea. Nikasema, "Shemeji, mzigo unayumba, watoe watu kwanza." Tak-tak. Nikashusha. Kilichofuata ni makelele niliyoyasikia bila redio. Nondo zilimpitia jirani kabisa mtu wa mashine ya zege, akajitupa kwenye rundo la mchanga, helmeti yake ikabaki inaviringika peke yake.

Msimamizi akatuita wote wawili.

"Nilimwambia awatoe watu," nikasema.

"Hakuniambia!" Shemeji alinifokea mbele za watu, na muda wote nilipokuwa najitetea alikuwa ananitazama mdomo. Hakunitazama machoni hata mara moja. "Redio mbovu! Mimi nasikia mikwaruzo tu!"

"Basi ataitwa fundi," msimamizi akasema. "Redio zikishapona, halafu jambo hili litokee tena, mmoja wenu atakwenda nyumbani. Na sitaangalia undugu."

Machale yakanicheza hapo hapo. Shemeji alikuwa anasomea kreni, leseni ya kujifunzia anayo mfukoni. Nani mwingine angekalia kile kiti changu nikifukuzwa? Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kuona. Anaishi chumba cha uani nyumbani kwangu. Jioni nikimwita kutoka nyuma haitiki, anaendelea na mambo yake kama amepita paka. Televisheni anaipandisha mpaka majirani wanajua habari kabla ya sisi. Dada yake akitaka kusema naye anamgusa bega kwanza, wanasogeleana, wananong'ona. Nikiingia mimi wanakata maneno.

"Mnazungumza nini?" nikamwuliza mke wangu.

"Mambo ya kwetu," akasema, akaondoa vyombo mezani.

Mambo ya kwetu! Nyumba ninalipia mimi, kumbe kuna kwetu nyingine ndani yake. Usiku ule sikula vizuri.

Fundi wa redio alikuja kesho yake, mama mmoja mwenye begi la vifaa na subira ndogo. Alianza na maiki ya begani ya shemeji. Akaigeuza, akaonyesha kipande cha utepe wa gundi kimebandikwa juu ya tundu la nyuma.

Nikaruka. "Umeona? Ameliziba! Msimamizi, njoo uone kwa macho yako!"

"Tulia, baba," fundi akasema. "Lete na yako."

Yangu ilikuwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mpira juu yake. Fundi akaishika kwa vidole viwili.

"Na hii nani kaivalisha koti?"

"Vumbi la saruji, fundi. Naikinga."

"Wote mnakinga, halafu wote mnalalamika hamsikilizani. Ukimfunika mtu blanketi usoni utamsikia?"

Akatueleza kwamba maiki ile ina matundu mawili. La mbele linapokea mdomo. La nyuma linasikiliza kelele za nje ili redio izipunguze. Ukiliziba la nyuma, ngurumo yote ya kompresa, ile mashine ya upepo iliyo kando yako, inaingia hewani pamoja na maneno yako. Akabandua utepe, akachana nailoni yangu bila kuniomba ruhusa, akasugua saruji kwa kiburashi, akakaza antena ya shemeji iliyokuwa inacheza, na akabadilisha spika ya redio yangu. Kisha akamsimamisha shemeji mbele yake.

"Shika maiki upana wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, usiipulizie. Bonyeza, vuta pumzi moja, ndipo useme. Na usifoke. Ukifoka maiki inazidiwa, sauti inapasuka. Sema kama unavyosema na mimi."

Shemeji alimsikiliza kama mwanafunzi mwema, macho hayamtoki. Nami nikapanda kibandani kujaribu. Sauti yake ikaniingia laini, kila herufi mahali pake, hata pumzi niliisikia. Nikahesabu moja mpaka kumi, fundi akasikiliza kwa redio ya shemeji, akajibu, "Nakusikia kama uko mfukoni mwangu." Akafunga begi lake akaondoka.

Nilifurahi, lakini furaha yangu haikuwa nzuri. Nilijisemea: sasa redio haina kisingizio. Atakayeharibu kuanzia leo anaharibu kwa makusudi, na nitamkamata.

Tukaanza na ndoo ya zege. Nikaipandisha, nikaivusha paa, ikapotea machoni mwangu.

"Kulia," shemeji akasema. "Kulia kidogo. Shusha polepole."

Safi kabisa. Nikauliza, "Imebaki nafasi kiasi gani mpaka ukutani?"

Tak-tak.

"Shemeji, nimekuuliza swali. Kiasi gani?"

Tak-tak.

Damu ikanichemka. Nikasimamisha ndoo hewani. Huyu sasa ananichezea waziwazi, nikaona, na saiti nzima inasikia. Basi nikaamua kumtupia neno la uongo ambalo hakuna ndugu angelimeza kimyakimya.

"Shemeji," nikasema, upana wa kiganja, bila kufoka, "dada yako nimemwacha. Asubuhi nimemtolea mabegi yake nje."

Wajenzi wote wa saiti wako kwenye chaneli ile ile ya redio. Halafu mfunga nondo wa ghorofa ya juu akaguna, "Mama wa watu kakosa nini?" Na msimamizi akang'aka, "Acheni upuuzi kwenye redio!"

Kwa shemeji ikaja: tak-tak.

Nikangoja. Nilijua nikimtukania dada yake angeipanda kreni ile kwa meno. Hakupanda. Nikabonyeza tena.

"Shemeji, kuna mtu chini ya ndoo?"

Tak-tak.

Hasira ikanitoka yote, ikaingia hofu. Hanichezei. Hanidharau. Hasikii! Kule kutazama midomo, ile televisheni, dada yake kumgusa bega, yote yakajipanga mbele yangu. Anaona mzigo, anasema kinachofaa, na ninaposema mimi anajua tu kwamba nimesema, kwa sababu taa ndogo ya redio inawaka. Ikiwaka anabonyeza. Na mimi nimekuwa nikishusha vyuma juu ya watu kwa kuitikiwa na taa.

Nikairudisha ndoo juu, taratibu kuliko nilivyowahi kufanya kitu chochote, nikaileta mbele ninapoona, nikaitua mahali peupe. Nikafunga breki, nikashuka ngazi.

Nilimkuta kando ya kompresa, anashangaa.

"Mbona umeiondoa? Nilikwambia sawa!"

Nikamshika mabega, nikamgeuza tukatazamana. "Tangu lini?"

Hakuniuliza tangu lini nini. Uso ulimwanguka. "Sikio la kushoto tangu mvua zilizopita. Hili lingine linafuata. Mchana kutwa niko hapa na hili dude."

"Dada yako anajua?"

"Anajua. Alitaka nikwambie. Nikamwambia wewe huwezi kunyamaza."

Kumbe njama ilikuwepo kweli nyumbani kwangu. Ila haikuwa ile niliyoiwinda, na ningetoa chochote iwe ile.

"Shemeji," akasema, ameanza tena kupaza sauti bila kujua, "usimwambie msimamizi. Watoto wangu unawajua. Nikitoka hapa nani atamchukua mtu asiyesikia? Nitakuwa naangalia zaidi. Nakuapia, nitaangalia zaidi."

Nyuma yake mtu wa mashine ya zege alikuwa anapita na toroli, pale pale ndoo ilipokuwa imening'inia. Hakuinua kichwa kutazama juu. Alikuwa anatuamini sisi wawili, na alikuwa anapiga mluzi.

Nikachukua redio yangu. Ningeweza kumgeuzia shemeji kisogo niseme asione. Sikufanya hivyo. Nilibaki namtazama, nikashika redio upana wa kiganja, nikabonyeza, nikavuta pumzi.

"Msimamizi, mtoa ishara wa nyuma hasikii. Kreni nimeifunga. Naomba mwingine. Na huyu naomba umtafutie kazi nyingine isiyotaka masikio, asifukuzwe."

Sauti yangu ikatoka kwenye kila redio ya jengo lile, kutoka ghorofani, kutoka kwenye jukwaa la maseremala, kutoka begani kwake mwenyewe. Watu wakasimamisha kazi wakageuka. Nilimwona msimamizi anatoka ofisini anakuja kwa miguu, na usoni sikuweza kusoma kitu.

Shemeji alingoja mpaka nikafunga mdomo.

"Wamesikia wote?" akauliza.

"Wote."

Akaanza kufungua maiki begani, vidole vinakosea kibanio. Mara hii alisema kwa sauti ndogo, ya kawaida, kama fundi alivyomfundisha.

"Ilitoka safi?"

Nikamwambia ilitoka safi.