Rayo Thelathini na Sita

Pale sokoni Kalemie, Noëlla alikuwa na sifa moja: akilitazama gunia la ndagala, wale dagaa wa ziwani, mara moja tu, anakutajia kilo zake, na mizani ikija baadaye huja kama shahidi. Kwa hiyo siku aliyosikia kilo za mume wake mwenyewe zikitajwa mbele ya mwanamke mwingine, akajikuta alikuwa amekosea kwa kilo kumi na nane, ilimuuma kuliko kama angeibiwa gunia zima.

Mambo yalianzia kwa daktari. Germain, mume wake, alikuwa prefe, yaani mkuu wa shule, mtu wa miaka hamsini na mbili, mkubwa wa mwili na mpole wa maneno. Daktari alimwambia presha imepanda, na asipojitikisa moyo utamzimikia darasani mbele ya watoto wa watu. Kaka yake akamletea kutoka Kigoma baiskeli ya mashindano, ile yenye usukani uliojikunja na matairi membamba. Ilikuwa nzuri kuitazama. Lakini Germain alipoipanda ililia kwa namna ambayo Noëlla, akiwa ndani ya ua wake wa matofali, alijua kabisa mume amefika wapi na amekata kona gani. Jumamosi ya kwanza alifika daraja la Lukuga, rayo mbili zikakatika. Rayo ni zile nyaya ngumu zinazolishika gurudumu kutoka katikati hadi kwenye janti, lile duara la chuma linaloshika tairi. Jumamosi ya pili zikakatika tano, akarudi kwa miguu akiikokota baiskeli, wanafunzi wake wakimwimbia njia nzima, "Papa Kamyo! Papa Kamyo!"

Jina hilo la Baba Lori, tuseme ukweli, halikutungwa na wanafunzi. Lilitoka kinywani mwa Noëlla kwenye arusi moja, mume wake alipotaka kuketi. "Musimupe kiti ya plastiki," alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "huyu njo kamyo, atawavunjia!" Arusi nzima ikacheka. Germain naye alicheka. Tangu siku ile jina likatembea kwa miguu yake lenyewe, likafika shuleni kabla ya mwenyewe.

Basi wakaenda wote wawili kwa Viviane, fundi wa magurudumu kwenye njia ya bandarini. Alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya chini. Noëlla alipoiona grisi imempanda hadi viwiko, alitulia. Alijiambia kwamba hapa hakuna hatari.

Germain alikuwa ameyaonea tamaa magurudumu mawili ya kung'aa yaliyoning'inia ukutani.

"Hayo ya vijana wembamba, Papa," Viviane akasema. "Rayo makumi mbili tu. Uko na kilo ngapi? Unisemee kweli. Gurudumu, huwezi kuidanganya."

Germain alimtupia mke wake jicho. Nyumbani, kwa miaka sita, jibu lilikuwa "mia, basi", na Noëlla alishafungua mdomo kumjibia.

"Mia na kumi na nane," Germain akasema.

Viviane hakucheka. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa saa. "Sawa. Tutaweka rayo makumi tatu na sita kila gurudumu, janti ya kuta mbili, na tairi pana kidogo. Haitakuwa nyepesi, lakini itakubeba hata mpaka mji wa Bendera. Ila lazima urudi. Rayo mupya zinalegea zikianza kubeba muntu. Kila Jumamosi unapita, nakaza. Mara tatu, ao ine."

"Mara ine?" Noëlla akauliza.

"Kwa muntu muzito, ndiyo, Mama."

Magurudumu yakafungwa, na yakawa magurudumu kweli. Germain alikwenda hadi uwanja wa ndege na kurudi, hakuna rayo hata moja iliyokatika, hakuna kilio. Jumamosi ya kwanza alipita kwa Viviane na jasho lake. Jumamosi ya pili akaoga kwanza. Jumamosi ya tatu akaoga, akavaa shati la kupigwa pasi, akajipaka na mafuta. Sasa niambieni, nani anaoga kwenda kwa fundi wa baiskeli? Tena akarudi akipiga mluzi. Mezani ikawa Viviane amesema nipunguze chumvi, Viviane amesema kilima nikipande taratibu. Maneno hayohayo Noëlla alikuwa ameyasema tangu mwaka juzi, na hayakusikika.

Wivu ni kidonda, watu husema, na Noëlla alikuwa akikikuna mwenyewe. Akipima ndagala, anaiona ile mikono yenye grisi. Akiimba kanisani, anaisikia ile sauti ya chini ikiuliza, uko na kilo ngapi. Kilichomkera zaidi si kwamba mwanamke yule aliuliza. Ni kwamba alijibiwa.

Alhamisi akajifunga kitenge barabara, akaenda peke yake. Matusi alikuwa ameyapanga njiani, makubwa mbele, madogo nyuma.

"Nimekuja unionyeshe hiyo kazi haiishaki," alisema akiwa bado amesimama.

Viviane alimtazama kidogo, kisha akamsogezea kigoda na kumwekea gurudumu magotini. "Mama, unaimba?"

"Naongoza sauti ya pili kanisani."

"Basi utaweza. Gonga moja moja. Za upande mumoja zinapaswa kulia sawa. Yenye kulia vibaya njo imelegea. Unaizungusha robo, unagonga tena."

Noëlla akagonga, na ile mbovu akaipata kabla hajafika nusu ya gurudumu. Viviane akachekelea, akampa ufunguo wa zamani wa kukazia. "Kama Mama unaweza, Papa hana lazima ya kurudi huku. Mimi kazi niko nayo mingi."

Noëlla aliutafuta uongo usoni mwake, akaona uchovu tu. Hilo nalo lilimuudhi. Alikuja na moto, akakosa kuni.

Ijumaa, Germain akiwa shuleni, aliipindua baiskeli uani, akazigonga rayo zote, akakaza nne, hadi gurudumu zima likaitikia sawasawa. Ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kitenge. Hakumwambia mtu. Alitaka kuona.

Jumamosi asubuhi Germain akaoga. Akavaa lile shati.

"Rayo moja imelegea," alisema. "Napita kwa Viviane mara moja."

Noëlla aliiendea baiskeli. Alichuchumaa, akaanza kugonga. Ya saba ikatoa mlio mfu. Akaisogelea. Nati yake ndogo ilikuwa na alama za meno ya koleo, mpya, bado zinang'aa. Na koleo ambalo siku zote hukaa jikoni lilikuwa limelala kwenye dirisha la chumba chao.

Akafungua ncha ya kitenge, akatoa ufunguo, akazungusha, akagonga, akazungusha tena, mpaka ile rayo ikarudi kwa wenzake.

"Imepona," alisema. "Sasa unaenda wapi?"

Germain aliutazama ule ufunguo. Wanafunzi wangapi aliwahi kuwakamata namna hii?

"Hakuna kitu kati yetu, Noëlla. Anakaza rayo, ananiuliza nimefika wapi, namwambia. Basi."

"Na hapa hakuna wa kukuuliza?"

"Kule nilitaja kilo zangu, hakuna aliyecheka." Akaushika usukani. "Mutu wa kwanza kunicheka alikuwa wewe. Pale arusini."

Noëlla alitaka kusema ulikuwa mchezo tu, na kwamba Germain mwenyewe alicheka. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na kwa mara ya kwanza aliikumbuka sura ya mume wake siku ile, namna alivyocheka akiwa amesimama, na jinsi alivyobaki amesimama mpaka arusi ikaisha. Akamtazama anavyotazama gunia. Shati lilimpwaya mabegani. Akajaribu kukadiria, na jicho lake likashindwa.

"Uko na kilo ngapi sasa?" aliuliza taratibu.

Germain alifikiri kwanza kama atajibu.

"Mia na kumi na moja. Tangu wiki jana."

Akaisukuma baiskeli, akatoka, mlango wa ua ukajifunga nyuma yake. Pale mbele njia hugawanyika: kushoto kwenda uwanja wa ndege, kulia kwenda bandarini kwa Viviane. Noëlla akasimama katikati ya ua, ufunguo mkononi, akatega lile sikio lake la kuongozea sauti ya pili. Lakini gurudumu alilolikaza yeye mwenyewe halikulia hata kidogo, na hakujua mume wake amekata kona gani.