Bangili Zilizonyamaza

Kwetu, mimba ya kwanza ikifika mwezi wa saba, wanawake humvalisha mjamzito bangili za kioo mikono yote miwili, halafu baba yake huja kumchukua akajifungulie kwa mama yake. Mwaka ule wa korona, Poongodi, mke wa mjukuu wangu Kathiravan, nilimvalisha mimi peke yangu, mlango umefungwa. Baba yake hakuja. Barabara za kuingia wilaya yetu zilikuwa zimezuiwa. Baadaye tukasikia amelazwa kwa ugonjwa huo huo, na hakutoka hospitalini.

Poongodi hakuambiwa. Mwenye mimba hapewi habari ya kifo. Tunasema mtoto tumboni anasikia. Mama yake mwenyewe alimwomba Kathiravan kwenye simu, "Mwanangu, nakusihi, mpaka ajifungue."

Basi Kathiravan akaizima televisheni, akaficha simu ya mkewe. Kuongea na mama yake aliruhusiwa, kwa simu ya Kathiravan, lakini kwa sauti tu, bila picha, maana yule mama alishafutwa doa jekundu la paji la uso na kuvuliwa bangili, kama ilivyo desturi kwa mjane. "Kamera ya simu ya mama imeharibika," Kathiravan akasema. Alimpenda mkewe, maskini, na alidhani anamjengea ukuta wa kumkinga.

Poongodi akaanza kupungua. Alinawa mikono hadi ngozi ikachubuka. Alikaa kando ya mtambo wa kufumia hariri, ambao siku hizo haukuwa na kazi, sahani ya wali ikipoa mapajani. Siku moja akasema, bila hata kuniangalia, "Bibi, huyu mtoto bora asije."

Nesi Vasantha alikuwa akipiga simu kila wiki kuuliza hali yake. Nilitoka nje uani nikamweleza.

"Bibi, huo si uchovu wa mimba," akasema. "Moyo na akili navyo huumwa. Nitamtafutia daktari wa mambo hayo azungumze naye kwa simu. Wewe usimwache peke yake. Muulize anaogopa nini, na usiwe na haraka ya kumjibu."

Nilichukua mafuta ya nazi, nikakaa nyuma yake, nikamfungua nywele. Nikampaka polepole. Nikamuuliza anaogopa nini.

"Mama yangu huongea kwa mikono," akasema. "Tangu nikiwa mdogo, akishika simu, bangili zinapiga kelele kumshinda mwenyewe. Sasa hazilii. Baba amekufa, sivyo?"

Mikono yangu ilisimama kwenye nywele zake.

"Na kama mmenificha hilo, mnanificha nini kingine? Mama naye anaumwa? Nesi akipiga, mnatoka nje kuongea. Mtoto wangu ana nini, Bibi? Amekufa tumboni?"

Hapo nikaelewa. Yeye alikuwa ameshawazika watu watatu, peke yake, humu humu ndani mwetu.

"Baba yako amefariki," nikamwambia. "Mama yako ni mzima. Mtoto ni mzima. Nesi ameniambia, na kuanzia leo atakwambia mwenyewe."

Alilia kwa sauti. Kathiravan akaja mbio.

"Bibi! Umefanya nini?"

"Nimemwambia anachokijua. Wewe umeficha simu kwenye pipa la mchele. Mchele humu anapika babu yako, au sisi wanawake?"

Akaketi sakafuni, akaushika mguu wa mkewe, naye akalia.

Tulipompigia mama yake, alikataa kuonekana. "Mjane asitazamwe na mwenye mimba. Nitamletea nuksi."

"Sikiliza, dada," nikasema. "Mimi ni mjane tangu baba yake Kathiravan hajaota ndevu, na ndimi ninayempakulia mwanao kila siku. Au mimi ni sufuria?"

Kisha nikasikia kitu kama kicheko kilichochanganyika na kilio, na uso wake ukatokea, paji tupu, macho yamevimba. Poongodi aliisogeza simu hadi pua yake ikakaribia kuigusa. Hawakusema mengi. Mama aliuliza kama anakula. "Sili," Poongodi akasema, na lilikuwa neno la kweli la kwanza walilopeana tangu msiba.

Sitasema alipona siku hiyo. Daktari alizungumza naye mara nyingi, na siku nyingine alirudi kwenye bomba kunawa na kunawa, Kathiravan akienda kumfungia maji polepole na kumfuta mikono. Lakini hakutuficha tena, nasi hatukumficha.

Asubuhi moja nilikuwa nakaanga mbegu za haradali. Akasimama mlangoni, mkono tumboni.

"Leo ni siku mbaya, Bibi."

Nikazima jiko, nikaenda kukaa naye.