Ndugu wa Tembo

Siku Joyness aliposema kwamba pimbi na tembo ni ndugu, bibi yake Milembe alikuwa ameshika paja la pimbi, tena lile nono. Mtoto alikuwa anarudia tu alichofundishwa shuleni. Babu yao alikuwa mmoja, akasema, kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Bibi Milembe alilirudisha paja kwenye bakuli, akanawa mikono, akaingia ndani kulala. Jua lilikuwa bado utosini.

Mchungaji Shigela, mwanawe, alijua mara moja kimetokea nini. Ukoo wao hauli tembo. Kwa nini hauli, hakuna aliyekumbuka, lakini mwiko ni mwiko. Shigela aliokoka akaachana na mambo mengi ya wazee wake, ila huo hakuwahi kuuacha, maana tangu azaliwe hakuna aliyemletea tembo mezani.

Mwaka wa njaa, yeye akiwa mdogo, tembo waliingia mashambani Mwamapalala, na askari wa wanyamapori wakampiga mmoja risasi. Kijiji kizima kilitoka na visu na vikapu. Milembe, mjane mwenye watoto watatu, peke yake alifunga mlango. Kesho yake akapanda kwenye majabali kutega pimbi. Nyama hiyo ndiyo aliyowalisha wanawe. Hata hivyo Salu na Maige walifariki kabla ya mvua, akabaki Shigela. Miaka yote hiyo jambo moja lilimtuliza mama yule: walikufa kwa njaa, si kwa mwiko.

Sasa alikuwa amelala ameugeukia ukuta.

"Nilikataa nyama ya mkubwa," alimwambia Shigela, "nikawalisha ya mdogo wake. Wanangu niliwaua mwenyewe."

"Mayu, huo ni uongo wa vitabu vya shule."

"Wewe si ndiye uliyeijenga hiyo shule?"

Alikuwa ameijenga kweli. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia Bariadi na mizani zao, mitumba ikafika hadi kijiji cha Lingeka, na kanisa nalo, lisipitwe, likafungua sekondari. Shigela ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi.

Jumapili akapanda mimbarani na kuhubiri kwamba Mungu aliumba kila mnyama peke yake, tembo kivyake na pimbi kivyake, na anayesema wana babu mmoja amtaje babu huyo kwa jina. Mzee wa kanisa Ndaki aliitikia "Amina" hadi njiwa wakatoka darini. Mama yake alisikiliza kutoka benchi la mbele, akarudi nyumbani, akakataa uji.

"Umesema vile kwa sababu mimi ni mama yako," alisema. "Niletee huyo mwalimu."

Mwalimu Justina, wa baiolojia, alikuwa mtu wa kuja, mwenye sauti ya chini na msimamo usiotikisika. Shigela alimkuta ofisini akisahihisha mitihani.

"Utakuja kumwambia mama yangu kwamba ulikosea."

"Sikukosea, Baba Mchungaji. Iko kwenye muhtasari wa wizara."

"Kinyama kile kinaenea kwenye sufuria! Kina udugu gani na tembo?"

"Miguu yake, kwa mfano. Kucha zake bapa. Na yale meno mawili ya mbele hayaachi kukua, kama pembe za tembo. Si umeshakula pimbi, Baba Mchungaji?"

Shigela alikuwa amekula pimbi tangu hajui kuvaa suruali. Meno yale alikuwa akikutana nayo kila mara kwenye kichwa kilichochemshwa, na hakuwahi kujiuliza kitu. Alitamani asingeuliza.

"Hata nguva wa baharini ni ndugu yao," Justina akaongeza.

"Nguva muache. Bariadi hakuna anayemla."

Justina alikubali kuja, ila alisema kabisa kwamba hatamdanganya mtu mzima. Shigela hakuwa na ujanja mwingine, akaongozana naye hivyo hivyo.

"Mwadila, mayu," Justina alisalimia. Kisukuma chake kilikuwa kinaishia hapo.

Bibi Milembe aliketi kitandani. Alikuwa amekonda hadi Shigela akaona aibu kumtazama.

"Mwalimu, ni kweli?"

"Ni kweli, bibi. Walikuwa na babu mmoja. Zamani mno, kabla mtu yeyote hajakuwapo duniani."

Bibi alifikiri. "Na udugu wao ulikatwa?"

Justina hakuelewa, akamtazama Mchungaji. Shigela alielewa vizuri mno. Kwao, watu wa babu mmoja wakishatawanyika hadi watoto wao wakataka kuoana, wazee hukaa, wakachinja kondoo, wakamgawa katikati, kila upande ukala nusu yake. Hapo udugu umekatwa. Mnaoana, na mwiko wa hawa hauwafungi tena wale.

Akisema pimbi na tembo hawakuwahi kuwa ndugu, mama hatamwamini. Akinyamaza, atamzika. Shigela alimpenda mama yake kuliko mahubiri yake yote, na hilo alilijua pale pale, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ulikatwa, mayu."

"Aliukata nani?"

"Mungu."

"Kabla sijatega wale pimbi?"

"Kabla hajazaliwa mtu yeyote."

"Kwa hiyo walikuwa ndugu."

Justina aligeuka kuangalia kuku wa uani, akawaangalia kwa makini sana.

"Walikuwa," alisema Shigela.

Bibi Milembe alilia kwa sauti, akawataja Salu na Maige kwa majina. Alipomaliza, akaomba uji wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Shigela alimsindikiza mwalimu hadi barabarani. "Maneno haya yameishia pale pale."

"Sawa, Baba Mchungaji. Jumatatu nifundishe nini?"

"Endelea na nguva wako."

Jumapili iliyofuata, kipindi cha ushuhuda, Bibi Milembe alisimama bila fimbo.

"Bwana asifiwe. Wanangu sikuwaua mimi," alisema. "Mwanangu Shigela amenieleza kila kitu. Tembo na pimbi walikuwa ndugu kweli, babu yao mmoja, Mungu mwenyewe akaukata udugu wao. Nilichowalisha wanangu kilikuwa nyama tu."

Kanisa zima likageukia mimbari. Mzee Ndaki alivua miwani. Shigela alijua kwamba sentensi moja ingemwokoa: mama ni mzee, amechanganyikiwa, tumwombee. Alimtazama mama yake. Alikuwa bado amesimama, anamsubiri.

"Amina," alisema Mchungaji Shigela.

Aliitikia peke yake.