Tumbo la Kamera

Mjini Kasongo, ukitaka picha za arusi ambazo hazitaangukia machoni pa mwanamume asiyehusika, utaambiwa umtafute Hawa. Si kwamba anapiga picha vizuri kuliko wengine. Vijana wenye simu kubwa wanapiga nzuri zaidi, na Hawa mwenyewe anajua, ingawa ukimwambia atakununia siku mbili. Sifa yake ni moja: kamera yake haina mtandao. Ni kamera ndogo ya rangi ya fedha, inaenea kiganjani kama kipande cha sabuni, haijui WhatsApp wala Facebook. Picha ikipigwa inakaa kwenye kadi iliyo ubavuni, basi.

Tangu picha za bibi arusi mmoja zilipozunguka kwenye simu za watu mpaka zikafika kwa wachimba dhahabu, familia nyingi za Kiislamu zimekuwa kali. Siku ya wanawake kumfunua bibi arusi, simu zote zinatupwa ndani ya beseni mlangoni, na bibi mmoja asiyecheka anaketi kulilinda. Anayeingia na chombo ni Hawa peke yake. Kesho yake anatoa kadi mbele ya watu, anamkabidhi mama wa bibi arusi, anafunua kifuniko cha ubavuni wote waone kwamba pako wazi, kisha anakwenda zake. Kwa miaka kumi hajawahi kubaki na picha ya mtu. Amepiga arusi za nusu ya mji, na ukutani kwake kuna kalenda tu.

Mwezi wa nane simu yake ililia kutoka Kabambare. Mwanamke aliyepiga hakujitaja, na hakuwa na haja. Ilikuwa sauti ya Mama Chadia, mke mwenzake, mke mdogo wa marehemu Atumani. Hawa hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na moja, na bado aliijua kabla salamu haijaisha.

Chadia anaolewa, ndivyo alivyoambiwa. Wakwe ni wafanyabiashara wa Salamabila, watu wa dini na wa heshima, na wamesema hawataki simu chumbani. Wanamtaka yule mama wa Kasongo mwenye kamera isiyotuma. Mama Chadia alieleza yote hayo taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeagiza mchele dukani. Mwisho, akimwita yaya, yaani dada mkubwa, akasema neno lililomfanya apige simu mwenyewe.

"Uje na kamera tu, yaya. Maneno ya zamani uyaache kule Kasongo."

"Nitakuja," alisema Hawa.

Maneno ya zamani ni haya. Hawa hakujaliwa mtoto. Chadia alipokuwa na miaka miwili, mama yake aliugua kifua akapelekwa Bukavu kutibiwa, na matibabu yakazaa miaka. Mtoto akabaki mikononi mwa Hawa. Alimwogesha, alimsuka, alimpeleka shule akiwa amemshika mkono, akaitwa mama mukubwa mchana na mama tu usiku. Miaka saba. Kisha Mama Chadia akarudi, mzima, na mwaka huohuo Atumani akafariki. Kila jioni mtoto alimtoroka mama yake mzazi akakimbilia kwa Hawa, na mtaa mzima ukatazama. Mwanamke gani angevumilia aibu hiyo? Mama Chadia akamchukua binti yake kwa ndugu zake Kabambare, pamoja na albamu yote, kwa kuwa picha za mtoto ni za aliyemzaa. Hawa hakumlaumu. Au tuseme alimlaumu miaka minne ya kwanza, halafu akachoka.

Kwa hiyo huyu mpiga picha wetu hakuwa na hata picha moja ya mtoto aliyemlea. Watu wakimuuliza kama ana watoto, anasema hana, na hapo mazungumzo yanakufa. Angekuwa na picha, angalau angesema, ngoja nikuonyeshe. Aliitaka picha moja. Alikubali kwenda Kabambare kwa ajili hiyo, na alijua namna ya kuipata, na namna yenyewe ilikuwa ni wizi.

Kamera ile ina tumbo. Jina hilo alilitoa Chadia mwenyewe, akiwa na miaka saba. Atumani alikuwa ameileta kamera kutoka Bujumbura, na mtoto akaizoea kuliko wakubwa. Siku moja alichomoa kadi akaificha, akaenda kupiga picha kuku wa jirani, na Hawa akastaajabu kuona kuku kwenye kioo ilhali kadi haimo. Kumbe kamera ina nafasi yake ndogo ya ndani. Kadi isipokuwepo, picha kama kumi hivi zinaingia humo. Kadi ikirudishwa, zinajificha, huzioni tena mpaka uichomoe. "Zimeenda tumboni," mtoto alisema, na wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kuku wale hawapo tena. Joël, mwenye kibanda cha kutoa picha, alizifuta siku alipokuwa akiirekebisha kamera, na wala hakuuliza. Lakini tumbo lilibaki, na wanawake wote wanaoonyeshwa ubavu ulio wazi wanaamini kwamba kamera bila kadi ni kopo tupu. Hawa hakuwahi kuwaambia vinginevyo. Hakukuwa na sababu ya kuwatia watu wasiwasi.

Alisafiri kwa pikipiki ya Dady, mtu mzima mwenye wake wawili na maneno mengi. Kamera aliifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni, kwa sababu vumbi likiingia kwenye lenzi inakwama nusu nje nusu ndani na hapo hata uilambe haitoki. Betri alizivaa kifuani, chini ya nguo. Betri zikizeeka zinapenda joto. Ukizipasha mwilini zinakuongezea picha kadhaa. Njia nzima Dady alisimulia mambo yake, na Hawa aliitikia, na hakusikia hata moja.

Kule arusini alipokelewa vizuri. Niseme ukweli, walimpokea vizuri mno. Walimpa kiti, wakampa soda, wakamwita Mama Foto. Mkekani, alipoketi bibi arusi, waliketi mama, shangazi na mama wadogo, bega kwa bega. Kiti cha Hawa kiliwekwa karibu na mlango, peke yake. Hakuna aliyemtusi, na angetamani mtu amtusi, kwa sababu anayekutusi anajua wewe ni nani.

Walipomfunua Chadia, Hawa alimwona kwanza kwenye kioo cha kamera. Hakuwa na moyo wa kumtazama hivihivi. Kwenye kioo alikuwa mdogo kama kidole gumba, amepakwa hina na wanja, ana mabega ya baba yake. Bibi arusi hainui macho. Akiyainua watasema hana haya, na maneno hayo yatamfuata mpaka kwa wakwe. Chadia alikuwa ameyashusha kabisa, anatazama magoti yake. Hakuonyesha kama anajua nani ameshika kamera.

Hawa akafanya kazi. Alibandika kipande cha karatasi laini juu ya taa ya kamera, maana taa hiyo ukiiachia kwa karibu inaula uso wenye poda unabaki mweupe kama unga. Alibonyeza kitufe nusu, akangoja kile kimraba kigeuke kijani, akabonyeza chote. Mama na binti. Shangazi na binti. Mikono yenye hina. Wakwe. Kila aliyetaka kupigwa na bibi arusi alikuja akaketi kando yake, akapigwa, akaondoka. Walipita kama arobaini. Hakuna aliyesema, Mama Foto, na wewe kaa. Angesema nini lakini? Kamera ingeshikwa na nani?

Ngoma ilipochanganya na vigelegele vikajaa chumba, Hawa alifunua kifuniko cha ubavuni, akachomoa kadi, akaibana katikati ya midomo kama fundi cherehani anavyobana pini. Alifunga kifuniko. Alimwelekezea Chadia kamera, akabonyeza nusu, akaona kijani. Hapo aibu ikamshika. Miaka kumi watu wamemfungulia vyumba vyao, na sasa anawaibia, tena arusini kwa mtoto wake. Akageuza uso ukutani na kubonyeza bila kutazama. Mwanga ukawaka. Akarudisha kadi, na hakuna mwanamke aliyegeuka.

Alilala chumba cha wageni na mabegi ya watu. Asubuhi, baada ya chai, alifanya kama kawaida yake: akatoa kadi mbele ya wanawake, akamkabidhi Mama Chadia, akafunua ubavu wa kamera. Mama Chadia alishukuru. Ingeishia hapo. Lakini shangazi wa bwana arusi, mwanamke mnene mwenye miwani, alisema siku hizi vyombo vinaficha mambo, yeye haridhiki na kitundu kilicho wazi. Aitwe mtu anayejua mashine aikague.

Mama Chadia akamwita binti yake. Katika nyumba ile hakuna aliyezijua mashine kuliko yeye.

Chadia alitoka chumbani amejitanda, akawaamkia wakubwa, akapokea kamera. Hakuuliza inawashwa wapi. Kidole kilikwenda chenyewe, lenzi ikatoka na kasauti kake, na kidole kikahamia kwenye kitufe cha kutazamia picha. Hawa aliona yote hayo. Alikuwa amesahau, au alijisahaulisha, kwamba ukimtoa Joël wa kibandani, katika dunia nzima kuna mtu mmoja tu zaidi yake anayelijua tumbo la kamera ile.

Chadia alitazama kioo. Alitazama kwa muda mrefu. Akisema neno moja tu, basi, Hawa amekwisha; kabla ya Ijumaa habari itakuwa imefika Kasongo kwamba yule mama ni mwizi wa picha za wake za watu, na hakuna mlango utakaofunguliwa kwake tena. Na pengine ndilo alilostahili. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mtoto atamjua kama mwizi, baada ya miaka kumi na moja ya kutomjua kabisa. Kidole cha Chadia kilibonyeza kitu. Hawa hakuona nini.

"Iko tupu," Chadia aliwaambia wanawake. "Hamuna kitu."

Shangazi aliridhika. Chadia akazima kamera, akamrudishia Hawa kwa mikono miwili, macho chini.

"Safari njema, Mama Foto," alisema, akarudi chumbani.

Mama Foto. Jina hilo lilimlemea Hawa njiani kuliko mzigo wake. Yeye na Dady walitoka Kabambare, wakapita mashamba ya mihogo, wakavuka mto mdogo kwa miti iliyolazwa, na muda wote alikuwa anajiuliza jambo moja. Msichana ni mkweli. Alimfundisha mwenyewe kusema kweli, na kwa fimbo pale ilipobidi. Mtu mkweli akitaka kusema kamera iko tupu, anafanya nini kwanza? Anaifuta picha, halafu anasema. Ilimchukua sekunde ngapi kufuta? Kidole kimoja tu. Na kama amefuta, amefanya sawa, hapo hakuna wa kumlaumu. Hawa alijiambia hivyo mara nyingi.

Pikipiki ilipochemka, Dady alisimama kwenye kivuli kando ya njia, akachuchumaa kutazama mnyororo. Hawa alisogea pembeni akampa mgongo. Alifungua mfuko wa kwanza, na wa pili. Alitoa betri kifuani, akaitia. Lenzi ikatoka. Alibonyeza kitufe cha kutazamia, akiwa amejiandaa kuona kioo cheusi.

Picha ilikuwepo. Imekaa mshazari, imekata bega la kushoto, kazi mbovu kabisa ambayo angemwonea aibu mteja. Katikati yake, kati ya vichwa vya mashangazi waliokuwa wametazama kwingine, Chadia alikuwa ameinua macho. Hakuwa amechungulia. Aliyainua yote mawili, mbele ya wakwe, akijua wanaweza kumwona, akamtazama Hawa. Na midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo, kama mtu anayeita.

Alikuwa ameona kadi ikitoka. Alijua picha hii itakwenda wapi na ni ya nani. Akampa macho, na Hawa wakati huohuo alikuwa ameangalia ukuta.

Alilia, tena kwa sauti, na hakujali. Alilia kwa furaha, na kwa hasira juu ya ule ukuta wa Kabambare. Aliugusa uso mdogo kwenye kioo mpaka akaacha alama ya jasho, akaifuta kwa pindo la kitenge, akautazama tena. Alimtafuta mtu wa kumwonyesha. Njia ilikuwa nyeupe pande zote mbili.

Dady alikuwa amesimama, anajifuta mafuta mikononi. Aliuliza kama kuna habari mbaya, Hawa akatikisa kichwa. Basi akatabasamu, akaionyesha kamera kwa kidevu.

"Mama, haukubakia hata na moja ya bibi arusi? Tumuone kidogo. Iko mutoto wa nani?"

Miaka kumi na moja alikuwa amelingoja swali hilo. Jibu alikuwa nalo mkononi, linawaka. Lakini Dady si wa familia, ni mwanamume, na kichwa cha Chadia kilikuwa wazi.

"Simujue," alisema Hawa. "Kadi ilibakia kule. Humu hamuna kitu."

Akazima kamera ili asimalize betri, akaifunga kwenye mifuko yake miwili, akapanda pikipiki.