Makunyanzi Kwenye Mashuka

Kila kucha zilipoanza kumchoma Mama Pasi, mdogo wake ndiye aliyezikata. Aliweka beseni la maji ya vuguvugu juu ya stuli, akautumbukiza humo mkono wa kulia wa dada yake, kisha akakaa kusubiri huku akimenya vitunguu. Mkono ulikuwa ngumi. Chanzo chake ni kiharusi kilichompitia Mama Pasi asubuhi moja akianika soksi, kikapoozesha upande wake wote wa kulia, kikaenda zake. Mwanzoni mkono ulilegea kama soksi zenyewe. Baadaye ukakakamaa. Kiwiko kilijikunja, ngumi ikapanda kifuani, na vidole vikajifungia ndani pamoja na kucha zao. Kiganjani mlikuwa na vidonda vidogo, kila kimoja na umbo la kucha yake.

"Umeficha nini humo, dada? Nigawie."

"Urithi wako."

"Basi urithi wenyewe unanuka."

Mdogo mtu alianza na kidole gumba, taratibu, kama anayemnyang'anya mlinzi aliyelala funguo zake. Kikifunguka kidogo, alipenyeza pamba. Kikifunguka tena, alipenyeza mkasi. Akivuta kwa haraka, mkono ulikaza maradufu, na ilibidi aanze upya, maji yenyewe yamekwisha kupoa.

Mama Pasi alikuwa dobi wa hospitali, na jina hilo alipewa na wauguzi kwa jinsi alivyonyoosha nguo. Shuka lililopita mikononi mwake, walisema, mgonjwa aliona aibu kulifia. Siku hizi alikwenda kazini akiburuza mguu unaochora nusu duara, akisimama kwenye kona ya chumba cha kufulia, akikunja foronya kwa mkono wa kushoto na kidevu. Hilo lilimpa muda tu. Msimamizi alikwisha kumwambia kwamba mwaka ukiisha, asiyeshika pasi hana meza. Ulimi wake kiharusi hakikuugusa, jambo ambalo msimamizi alilisikitikia waziwazi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa mmoja kwa hospitali nzima, na watu walimwita Nyoosha, maana ndilo neno alilolisema tangu asubuhi mpaka anafunga mlango. Chumbani kwake mlikuwa na kitanda, mpira mkubwa uliopungua upepo, na kioo chenye ufa ambacho wagonjwa walitakiwa kujitazama wakitembea. Mama Pasi alikwisha kujaribiwa kwa kila kilichokuwemo. Alinyooshwa. Alivalishwa gango la plastiki la kushikilia vidole wazi, la kulala nalo. Alipewa vidonge vya kulegeza misuli, navyo vikalegeza kope, shingo na taya, vikauacha mkono kama ulivyo. Siku moja alisinzia akiwa katikati ya kumsema msimamizi, akaamka na kumalizia sentensi.

"Mama, ni hivi," Nyoosha alimwambia. "Ubongo umeumia, breki zimekatika. Misuli inapata amri ya kukaza tu. Ya kulegeza haifiki."

"Kama kwetu kazini."

"Kuna sindano. Inachomwa hapa, kwenye misuli inayokunja vidole. Inalegea kwa miezi kadhaa. Katika miezi hiyo mimi nanyoosha, nakufunga gango, tunafanya mazoezi. Sikudanganyi kwamba utasokota uzi. Ila kiganja kitafunguka, kitapona, na huenda ukajifunza kushika kitu na kukiachia."

"Basi nichome, mwanangu."

"Imekwisha."

"Ilikuja lini?"

"Juzi."

"Wamechomwa wagonjwa gani?"

Nyoosha aliutazama mpira wake. "Wangu, hakuna hata mmoja."

Wiki hiyo ndipo mashuka yalipoanza. La kwanza lilitoka wodi ya wanaume, safi, limekauka vizuri, na katikati yake mlikuwa na mikunjo. Pasi ikipita, ililala. Pasi ikiondoka, iliamka. Msimamizi aliilaumu sabuni, akayalaumu maji, akabadilisha pasi, akarudi kuilaumu sabuni. Mwishowe alimlaumu Mama Pasi, ingawa hakuwa amegusa kitu zaidi ya foronya.

Mama Pasi alisogea akichora nusu duara yake, akapitisha kiganja cha kushoto juu ya shuka. Lilikuwa na joto, na halikuwa joto la pasi.

"Hii si mikunjo ya kitambaa," alisema. "Haya ni makunyanzi."

"Ya nani?"

Ilikuwa mistari mitatu ya kulala, na miwili ya kusimama katikati, juu ya pua. Hakukuwa na mfanyakazi wa hospitali ile ambaye hakuwahi kusimama mbele ya mistari hiyo.

Msimamizi aliinamisha kichwa upande. "Ndiyo. Ni Mkurugenzi. Huu wa kulia ndio alionikunjia nilipoomba ruhusa ya msiba."

Baada ya hapo walizidi kuwatambua. Mhasibu alileta makunyanzi yake ya pembeni mwa macho kwenye foronya. Katibu alikaa kwenye taulo. Ya mke wa Mkurugenzi yalikuwa membamba na yenye adabu, yakachagua mapazia. Jambo lenyewe halikuhitaji elimu. Dawa ile ile inayolegeza vidole vya aliyepooza, ukiichoma kwenye paji la uso, hulegeza misuli inayokunja paji. Ngozi ikinyooka, mikunjo lazima ihamie mahali, na hospitali ina mashuka mengi. Nyoosha alipoelezwa alisema vitabu vyake havikufika huko, lakini hakuona pa kubisha.

Mashuka hayo yalitandikwa kama mengine. Mgonjwa mmoja wa henia alilalamika kwamba amekodolewa mgongoni usiku kucha. Muuguzi aligeuza shuka likatazama godoro, mambo yakaisha.

Kisha Mkurugenzi alitembelea chumba cha kufulia, kwa kuwa wakaguzi walikuwa wanakuja na alisikia kwamba mashuka hayanyooki. Uso wake ulikuwa laini kama yai lililomenywa. Alisimama mbele ya meza ya kupigia pasi, ambako shuka la wodi ya wanaume lilikuwa limetandazwa, na msimamizi akajikausha pembeni.

Mama Pasi hakungoja kuulizwa.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Naomba sindano ya mkono."

"Marahaba, mama. Nimeambiwa tatizo lako." Sauti yake ilikuwa ya upole, na usoni hapakutikisika kitu. "Kwa kweli nimesikitika sana dawa kupungua. Nimeunda kamati."

Nyuma yake shuka lilijikunja. Mistari mitatu ilipanda kwa pamoja, kama inavyopanda mtu akikanyagwa kidole.

"Kamati itakaa lini?"

"Karibuni."

Mistari miwili ya kusimama ikasogeleana, ikagusana.

"Na dawa ikija tena, nitachomwa mimi?"

"Mama, wewe ni wa kwanza. Kwanza kabisa."

Shuka likakunjamana lote, kona kwa kona, likateleza mezani na kuanguka sakafuni. Msimamizi aliliokota, akalitandaza tena, akalipigapiga kama anayembembeleza mtoto. Mkurugenzi alilitazama kwa utulivu, kama mtu anayekiona kiatu chake mguuni mwa jirani na hana haraka ya kugombana.

"Yapigwe pasi," alisema.

"Tumepiga, mheshimiwa. Yanaamka."

"Basi apige mwenye mkono mzito."

Wote walijua mkono mzito kuliko yote uko wapi. Msimamizi alitaka kusema kitu kuhusu mwisho wa mwaka, akaangalia shuka kwanza, akaona linavyokunja uso, akaghairi.

Nyoosha aliitwa. Alikuja na beseni, akauloweka mkono wa Mama Pasi, akaufungua kidole kwa kidole, bila haraka, akiusemesha. Ilichukua muda. Kiganja kilipoonekana, cheupe na chenye vidonda, aligeuka kuchukua gango lake. Alipogeuka tena, msimamizi alikwisha kuweka mpini wa pasi. Vidole vikajifunga juu yake, kimoja baada ya kingine, vikatulia.

"Nani amekwambia uweke?" Nyoosha aliuliza.

"Si ulikuwa wazi?"

Mkono ulijua kuvuta kuelekea kifuani tu, basi pasi ilivutwa kuelekea kifuani. Kuirudisha, Mama Pasi aliisukuma kwa mkono wa kushoto. Haikutikisika wala kuteleza wala kuchoka. Mistari mitatu ililala. Miwili ikalala. Shuka likanyooka mpaka likaanza kung'aa, na huko juu ofisini, inasemekana, Mkurugenzi alisikia usingizi mtamu. Makunyanzi yaliamka tena kesho yake alipoombwa glavu za chumba cha upasuaji, lakini kesho yake Mama Pasi alikuwepo.

Wakaguzi walipokuja, Mkurugenzi aliwaleta chumba cha kufulia kuwaonyesha faida ya huduma ya mazoezi. "Huyu alikuwa amepooza," aliwaambia. "Mnaona wenyewe anavyoshika."

"Anashika, lakini haachii," alisema Nyoosha kutoka mlangoni. "Kupona ni vyote viwili."

"Ndugu yangu," alisema Mkurugenzi, "wengine wanatafuta mfanyakazi asiyeachia kazi, hawampati." Wakaguzi walicheka. Mkurugenzi naye alicheka, kwa sauti. Kwa sura, lililocheka ni shuka.

Mama Pasi alirudishiwa meza yake. Wafanyakazi wengine nao walipata njia ya kufanya kazi. Mwenye ombi lolote alipitia kwanza chumba cha kufulia. Akikuta shuka limetulia, alipanda ofisini. Akikuta limekunja, aliahirisha, au alimwomba Mama Pasi alipitishie pasi kidogo, naye alifanya hivyo kwa wale aliowapenda.

Dawa ilikuja tena. Nyoosha aliwahi stoo akiwa na jina moja kichwani, akaambiwa yule si amepona. Kabla ya jioni kundi jipya la foronya lilifika kwa dobi, na makunyanzi yake yalikuwa ya kucheka, tele, ya watu wasiozoea kunyimwa. Mama Pasi aliyapiga pasi. Kwenye mapazia palikuwa na mgeni mmoja aliyemfahamu. Alikuwa msimamizi. Siku hiyo aliongeza moto.

Mwisho wa kazi alirudi nyumbani akichora nusu duara zake, ngumi kifuani, na pasi ndani ya ngumi, waya ukimfuata nyuma. Majirani walimwamkia naye akaitikia. Mdogo wake alikuwa mlangoni na beseni.

"Umeiba pasi ya watu?"

"Imeniiba yenyewe."

"Wanasemaje?"

"Wanasema nimepona."

Mdogo mtu alikaa kwenye stuli, akauinua mkono pamoja na mzigo wake, akaugeuza huku na huku akitafuta pa kuanzia. Gumba lilikuwa limelala juu ya vidole vyote, na vidole vyote juu ya mpini. Hapakuwa na nafasi ya pamba, seuze mkasi.

"Sasa dada, kucha nitazikatia wapi?"

"Zingoje kamati."

Walicheka wote wawili mpaka maji yakamwagika. Kisha mdogo mtu aliyamwaga yaliyobaki, akaweka mto juu ya meza ya chakula ili pasi ipumzike Mama Pasi akila kwa mkono wa kushoto, akaenda kupakua. Kucha, ambazo hakuna aliyezipa taarifa kwamba mkono umepona, ziliendelea kuota.