Sauti ya Sekunde Tatu

"Wewe ndiye uliyeuandika mstari huo, Faraj!"

"Na wewe ndiye uliyeupitisha. Usinipandishie sauti."

Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kutoka kazini Kilindini, hata buibui sijavua. Binti yangu Mahira na Faraj, mtoto wa mdogo wangu wa kike, walikuwa wanagombana mbele ya kompyuta sebuleni petu Kibokoni. Mwaka wote huo wa 1998 walikuwa wakiandika kitu wanachokiita maktaba, ingawa hakina kitabu hata kimoja: kazi yake ni kufungua faili za sauti, na programu nyingine huiazima. Kituo kimoja cha redio mjini, cha Bwana Nicodemus, kilikuwa kinaijaribu. Jumatatu wangetia saini mkataba.

"Kuna nini?"

"Mama, mtu akitengeneza faili kwa hila, anaweza kuitawala kompyuta ya redio. Afute rekodi zao zote."

"Kwa sauti?"

"Sauti ya sekunde tatu."

Nilikaa. Nina diploma ya usimamizi wa bohari, si mjinga. Lakini sauti huingia sikioni. Itafutaje kitu?

Faraj akajaribu. "Mwanzo wa faili umeandikwa ukubwa wake, Mama Mkubwa. Sisi tunatenga nafasi kwa ukubwa huo. Vilivyomo vikizidi, vinamwagika."

"Mmepokea mzigo kwa kusoma karatasi tu? Hamkuhesabu?"

Bandarini karani wa hivyo hamalizi wiki.

"Haya, vimemwagika. Fagieni."

"Havifagiliki, Mama. Vinaangukia pale kompyuta inapoweka maagizo yake. Inavisoma, inadhani ni amri, inatii."

"Hata amri ya mwizi?"

"Hata ya mwizi."

"Mashine kubwa hivyo, na akili hiyo!"

Faraj alicheka. Mahira hakucheka.

"Nimesharekebisha," Faraj alisema. "Jumatatu tukishatia saini, tunawapa disketi mpya. Nani atajua?"

"Umerekebisha mahali pamoja. Mimi nimekuta kosa hilohilo sehemu saba! Na kila siku watu wanawaletea matangazo kwa disketi."

"Mama Mkubwa, tukisema leo, Jumatatu hatuitwi."

Hapo Mahira aliinamisha kichwa. Alikuwa ameacha kazi ya kupiga chapa kwa wakili kwa ajili ya saini hiyo. Nilimwangalia, nikaiangalia ile kompyuta, na bado sikuelewa sauti inatoaje amri. Nilichoelewa ni kwamba rekodi za watu zimo ndani, na wenyewe hawana habari.

"Namba ya redio?"

Mahira aliitaja polepole. Nikapiga.

"Bwana Nicodemus? Hujambo. Mimi mamake Mahira. Sikiliza, leo usifungue disketi ya mtu yeyote. Ile kazi ya hawa wanangu ina kosa. Kosa gani? Ngoja, nikikueleza mimi tutapotea sote."

Nikampa Mahira simu. Faraj aliguna, kisha akavuta kiti na kuifungua sehemu ya pili kati ya zile saba, airekebishe.